Mkono Unaoyeyusha Mpira

Mume wangu Straton ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kuleta kitu nyumbani bila kukifundisha. Akileta chumvi, lazima tusikie chumvi inatoka wapi. Akileta sabuni, tutakaa na mikono michafu mpaka somo liishe. Kwa hiyo siku aliporudi Bihambwe kutoka soko la Kitshanga akiwa na beseni jekundu la plastiki, la kwanza kufika kwenye kilima chetu, nilijua mapema kwamba maharage yangu yataungua.

Beseni lenyewe lilikuwa zuri, sitasema uongo. Jepesi, halina mshono, ukiligonga halilii kama bati. Binti yetu Emérita alilivaa kichwani kama kofia ya askari. Majirani walikuja kuligusa, wengine wakalinusa. Straton akasimama katikati ya ua, kifua mbele, akauliza kana kwamba yuko darasani:

"Nani anajua hii kitu inatengenezwa na nini?"

Jirani yetu Béata akasema ni udongo wa Ulaya. Mwingine akasema ni kwato za ng'ombe zilizochemshwa. Straton alifurahi mno. Hakuna kinachomfurahisha kama jibu la uongo.

"Apana," akasema. "Hii iko mutoto wa petroli."

Tulicheka. Akaingia ndani, akatoka na taa yetu, akaitikisa ili tusikie petroli, yale mafuta ya taa, ikicheza ndani yake. Kisha akawaita watoto waliokuwa wakichungulia uani, akawapanga. Wachache wachache walishikana mikono, vikundi vidogo vidogo, akawaambia wakimbie. Wakakimbia huku na huku, wakapita katikati ya miguu yetu.

"Hii njo petroli," akasema. "Vipande vifupi, kila moja inatembea vile inapenda. Ndani yake iko kaboni na hidrojeni, hakuna kingine. Ikiwa fupi zaidi inakuwa gazi, inapanda hewani. Ikiwa ndefu kidogo inaganda, njo ule mushumaa wa kanisa."

Halafu akawapanga wawili wawili, kila mtoto amemshika mwenzake kwa mikono yote miwili. Hiyo, alisema, ni gazi moja ambayo Wazungu wanaitoa kwenye mafuta ya ardhini. Akapiga makofi: kila mtoto aachie mkono mmoja amshike jirani. Wakaachia, wakashikana, ukatokea mstari mmoja kutoka mlango wa jiko hadi kwenye migomba.

"Sasa mukimbie!"

Hawakuweza. Walivutana, wakajikunja, wakaanguka pamoja wakicheka.

"Njo beseni," akasema Straton. "Ni wale wale watoto. Hakuna mugeni aliyeingia. Wameshikana tu. Na mpira vilevile, hata ule wa pori. Mti wenyewe unawapanga hivyo ndani ya maziwa yake."

Nilikuwa nimeinama kwenye chungu. Nikasimama na mwiko mkononi.

"Papa Emérita, mpira uko ndugu ya petroli?"

"Ndugu kabisa."

"Na muntu akitumbukiza mpira ndani ya petroli, itakuwa nini?"

Aliniangalia kwa furaha, maana ni mara chache mimi kumuuliza swali. "Ile mifupi itajipenyeza katikati ya ile mirefu, juu ya kufanana nayo. Itasukuma mumoja huku, mumoja kule. Mpira utavimba, utalegea, mwisho utakuwa uji. Maji haiwezi kufanya vile. Maji haiko ndugu yake."

"Hata kama aliyetumbukiza alikatazwa kugusa?"

"Mama Emérita, petroli haiangalie mukono ya muntu."

Harufu ya maharage yaliyoungua ilijaa uani. Nilikaa chini kwenye vumbi mbele ya majirani nikalia kwa sauti. Straton alidhani nalilia maharage, akaniambia si kitu, tutakula viazi.

Mimi ni mtu wa Ntoto, kule Walikale, ambako milima ya Masisi inachoka na msitu unaanza. Wakati wa vita vya Wazungu, Leta, serikali ya Wabelgiji, iliamuru kila mwanamume wetu alete mpira wa porini. Hatukujua nani anapigana na nani, wala kwa nini magari yao yavalishwe viatu kutoka kwetu. Ile mimea ya kutambaa yenye utomvu mweupe ilikatwa karibu na kijiji mpaka mizizi ikafa. Wanaume wakasukumwa mbali zaidi, ng'ambo ya mto Oso, kwenye misitu ya watu wengine ambamo hawakujua hata majina ya vijito. Baba yangu Léopold alikuwa mmoja wao.

Kilichowarudisha nyumbani ni ngoma. Ngoma yetu ni gogo lililochimbwa tumbo, na hupigwa kwa vigongo viwili vyenye vichwa vya mpira mbichi, vilivyoviringishwa mpaka vikawa kama ngumi. Ukipiga kwa mti mtupu, mlio unakuwa mkavu na unafia kwenye migomba. Mpira ndio unaoipa ngoma sauti ile nzito inayovuka bonde. Kila alasiri Isidore, kaka mkubwa wa baba, alipiga, na aliyekuwa porini akajua kwao ni upande gani. Mwanamke hakugusa vigongo vile. Ilikuwa hivyo, na hakuna aliyeuliza sababu.

Basi siku moja kapita, msimamizi wa mpira wa Leta, alikuja na watu wake kusaka mpira uliofichwa. Isidore na wanaume waliokuwepo waliitwa barabarani kupimiwa mizigo yao. Mama yangu, Elisabeth, akaona wale watu wanapita nyumba kwa nyumba, wanapekua hadi chini ya vitanda, wanaelekea kibanda cha ngoma. Mpira mwingine ungepatikana wapi? Akakimbia, akachukua vigongo kwa mikono yake, akarudi navyo nyumbani. Kwetu palikuwa na debe la petroli ambalo mkatekista aliliacha kwa ajili ya taa ya kanisa. Akavizamisha humo. Alifikiri vizuri, na bado nasema alifikiri vizuri: kapita hangethubutu kumwaga mali ya kanisa, na petroli ilikuwa dawa ya kila kitu. Tulijipaka miguuni kwa ajili ya funza, kichwani kwa ajili ya chawa, tukapaka nguzo ili mchwa wasizile. Nani angefikiri inaweza kuharibu kitu?

Kapita alifungua debe, akanusa, akalifunga. Lakini hakuondoka. Alikaa kijijini akila kuku wetu mpaka vikapu vyake vikajaa, na siku zote hizo mama hakuthubutu kulifungua debe lile. Alipoondoka, mama akaingiza mkono akatoa fimbo mbili tupu zinazochuruzika uji wa kahawia. Nilikuwa pale. Nilikuwa msichana wa kubeba maji, na naukumbuka uji ule ukivutika kutoka kwenye vidole vyake.

Isidore alipiga ngoma kwa mti mtupu mpaka mikono ikatoka damu. Waliorudi kutoka ng'ambo ya Oso walisema hawakusikia chochote, walibahatisha njia tu. Baba hakurudi. Kikapu chake kilipatikana kando ya mto, mpira ukiwa ndani, na kapita akauchukua.

Isidore alikuwa amepoteza mdogo wake na sauti ya ngoma kwa pamoja, na huzuni yake ilitafuta pa kukaa. Petroli tuliitumia siku zote na haikuyeyusha kitu. Kilichokuwa kipya ni mkono wa mwanamke. Alisema hivyo mbele ya ukoo, na ukoo ukaona ni kweli.

Sasa, kwetu kosa la namna hiyo lina mlango wa kutokea. Unasimama mbele ya wote unasema, "Ni mimi." Unaoshwa kwa maji yenye majani, unafungwa mikono kwa kitambaa ili isiguse kitu cha mtu, unapewa chakula, unarudi kukaa na watu. Usipokiri, unakaa nje. Mama hakukiri. "Iko petroli," alisema. "Mikono yangu haina kitu." Wakamjengea kibanda kando ya barabara, nje ya migomba, na tangu siku ile hakuna aliyekula kilichotoka mkononi mwake. Mimi mkatekista alinipeleka kwa masista wa Masisi, nikasoma, nikaolewa na mwalimu wangu wa milimani mwenye ugonjwa wa kufundisha.

Mara ngapi nilimsihi mama aje Bihambwe? Alikataa kila mara. "Nikitoka hapa, watasema nimekimbia, kwa hiyo niko na kosa. Na baba yako akirudi, atanikuta wapi?" Mwaka ule wa beseni nilipata habari kwamba anakohoa damu na hawezi tena kwenda mtoni. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama arudi ndani ya ua wa ukoo kabla ya kufa, alale ambako mtu atamsikia akikohoa, na arudi bila kukiri kosa ambalo si lake.

Ndiyo maana nililia mbele ya majirani. Straton alikuwa amenipa, bila kujua, kitu nilichokitafuta tangu utoto.

Yeye alikuwa na mitihani ya wanafunzi, nikaenda peke yangu. Nilibeba chupa ya petroli, na nilibeba lile beseni jekundu kama zawadi. Njiani nilinunua kwa mwindaji donge la mpira mbichi. Ile mimea ilikuwa imeota tena, sasa ambapo hakuna aliyeitaka. Mama nilimkuta amelala kwenye kibanda chake, amekuwa mwepesi kuliko beseni lenyewe. Alilinyanyua kwa kidole kimoja akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Nikamweleza. Nilipanga vijiti vya kuni sakafuni, vifupi na virefu, nikamwonyesha vifupi vinavyojipenyeza. Mama yangu hakukaa darasani hata siku moja, lakini hakuhitaji kurudiwa.

"Kumbe iko ndugu yake njo alimumaliza," akasema.

"Ndiyo, Mama. Si weye."

"Mi nilisema." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. "Nilisema, Godelieve. Nilibaki kusema mpaka nikakosa mutu wa kuambia."

Usiku ule alikula chakula chote nilichompikia.

Isidore alikuwa amezeeka, lakini bado ndiye mwenye neno katika ukoo. Alikaa mstari wa mbele kanisani, na alikuwa na baiskeli aliyoifuta vumbi kila siku kama mtoto mchanga. Nilimsalimu kwa magoti yote mawili. Nikasema mbele ya wanaume wote:

"Papa Isidore, ninaomba kitu kimoja. Tuweke makopo mawili ya petroli. Moja nitaweka mpira mimi, kwa mukono yangu. Ingine utaweka weye, kwa mukono yako. Kama yote mawili inayeyuka, basi iko petroli, haiko mukono. Mama anarudi ndani."

Sikuona chuki usoni mwake, na hilo ndilo lililonitia moyo. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka na kibanda kile cha barabarani.

"Ni maneno ya haki," akasema. "Yakiyeyuka yote, mimi mwenyewe nitamubeba mama yako mugongoni."

Nikamkatia kipande kwenye donge langu. Akaurudisha mkono wangu kwa kiganja.

"Hiyo umeshika tayari. Nitaleta yangu."

Akaingia nyumbani, akatoka na mpira wa ndani wa baiskeli yake, wa zamani, uliojaa viraka. Akakata kipande kwa kisu. Niliutazama ule mpira. Mweusi, unavutika, unarudi. Straton alisema mpira ni ndugu ya petroli, na huu ulikuwa mpira.

"Muzuri sana, Papa," nikasema.

Makopo yalifunikwa yakawekwa kanisani, chini ya macho ya watu wote, mpaka Jumapili. Siku zile nilimfulia mama nguo zake. Nilimsuka nywele. Alitaka aingie uani akiwa amependeza.

Jumapili baada ya misa tulifungua. Kopo langu kwanza. Nikaingiza kijiti, nikakitoa, uji wa kahawia ukavutika hadi chini. Wanawake walirudi nyuma, lakini mimi nilitabasamu, maana ndivyo nilivyotaka. "Sasa yako, Papa," nikasema.

Isidore akaingiza vidole. Akatoa kipande chake cha mpira. Kilikuwa kimevimba kama ruba aliyeshiba, kinene, kinateleza. Lakini kilikuwa kizima. Akakishika ncha mbili akakivuta, kikarudi. Akakivuta tena, kikarudi. Akakianika juu ya ukuta wa kanisa kwenye jua, na watu wakabaki pale wakikitazama. Jua lilipoinama kidogo kilikuwa kimesinyaa kikarudi karibu na ukubwa wake wa mwanzo.

"Petroli moja," akasema Isidore kwa sauti ndogo. "Chupa moja. Na mpira ni mpira, weye mwenyewe ulikubali."

Nilitafuta neno la Straton, moja tu, sikulipata. Nikasema turudie, mtu mwingine aweke ule mbichi, mtu yeyote. Nikalishika donge nikawanyooshea. Kila niliyemnyooshea alificha mikono.

"Godelieve, mutoto ya ndugu yangu," akasema Isidore, na ninaapa alikuwa na machozi. "Hata weye."

Wote walikuwa wakiangalia mikono yangu. Na mimi pia niliiangalia. Kwa muda mfupi, mbele ya kanisa, mke wa mwalimu mzima, niliiogopa mikono yangu mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi pembeni, nje ya mduara, mahali alipozoea. Alitazama kopo langu, akatazama kile kipande ukutani. Kisha akaigeuza mikono yake, huku na huku, polepole, kama mtu anayekagua kitu alichokiazima. Alikuwa amekaa na uhakika wake miaka yote bila mtu wa kumuunga mkono. Mimi ndiye niliyekwenda kuuvunja.

"Basi iko damu yetu," akasema.

"Mama, hapana! Ngoja nimuulize Papa Emérita!"

Akasimama. Nilimshika kanga. Akaifunika mikono yake kwa pindo la nguo, ili isiniguse ngozi, akaviondoa vidole vyangu taratibu. Akatembea hadi mbele ya Isidore.

"Ni mimi," akasema.

Nilirudi Bihambwe nikiwa sijui nimepita wapi. Straton alikuwa anasahihisha mitihani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye baiskeli aliinua kichwa.

"Alikata mpira ya kinga, ya baiskeli?"

"Ndiyo."

Akaweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika, nikajua kabla hajasema.

"Ile haiko mpira mbichi, Mama Emérita. Ile imepikwa. Kiwandani wanaipika pamoja na unga ya manjano, wanaita soufre. Ile unga inafunga kamba kati ya mustari na mustari. Unakumbuka watoto? Sema mustari moja umefungwa na mustari wa pembeni, na ule umefungwa na mwingine. Petroli itaingia, ndiyo, itaivimbisha. Lakini haiwezi kuitawanya. Njo maana matairi haiyeyuki barabarani."

"Ulijua hiyo?"

"Nilijua."

"Ile siku ya beseni ulijua?"

"Nilijua, lakini..." Alitazama mitihani yake. "Somo ilikuwa ya beseni."

Mtu huyu anayefundisha chumvi. Mtu huyu anayefundisha sabuni, anayeweza kusimamisha ua mzima kwa ajili ya kibiriti, siku moja tu aliyotakiwa kurefusha somo alilifupisha. Nilichukua mwiko nikamrushia. Ulimkosa ukapiga ukuta. Alipojaribu kuninunulia kitenge nilimwambia akifundishe kwanza.

Lakini sikukata tamaa, huo ndio upumbavu wangu. Nilifikiri bado kuna njia: nitamweleza Isidore habari ya ule unga wa manjano, nitamwomba ashike mpira mbichi kwa mkono wake mwenyewe. Yatakwisha. Nikamchukua Emérita, kwa kuwa mama alikuwa hajawahi kumwona, tukashuka Ntoto.

Kibanda cha barabarani hakikuwepo. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa kwa kuni. Nilipiga mbio kupita migomba hadi uani kwa Isidore, na huko nikamkuta.

Alikuwa ameketi karibu na moto, katikati ya wanawake. Uso wake ulikuwa umepakwa mafuta. Alivalia nguo safi. Vestine, mke wa Isidore, ambaye kwa miaka yote alipita mbele ya kibanda kile akitazama upande wa pili, alikuwa akimega ugali, anauchovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, anamlisha mdomoni kama mtoto. Wanawake walikuwa wakisimulia jambo na mama alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka na watu tangu nikiwa mdogo. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa vitambaa vyeupe hadi kwenye viwiko, imelazwa mapajani. Beseni jekundu lilikuwa pale pale, Vestine analioshea vyombo.

Nilingoja wainuke. Nikakaa karibu naye, nikamweleza kwa sauti ya chini habari ya ule unga na zile kamba. Alisikiliza macho yake yakiwa motoni. Kama kawaida yake, hakuhitaji kurudiwa.

"Kwa hiyo yake ilifungwa," akasema.

"Ilifungwa, Mama. Yetu haikufungwa. Hakuna damu. Iko petroli, tangu mwanzo ilikuwa petroli."

Niliona inamfika. Kwa muda kidogo uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa mwanamke aliyemwambia ukoo mzima hapana.

"Isidore anajua?"

"Sasa njo naenda kumwambia."

Niliponyanyuka alilaza mkono wake uliofungwa juu ya nguo yangu, akanibana chini.

"Usimwambie."

"Mama!"

"Nilikaa kule na ukweli yangu, Godelieve. Haikunichotea maji. Haikunipikia. Nilikohoa, haikuniuliza niko namna gani." Alivuta pumzi kwa shida. "Isidore akijua, atajua alinifanya nini. Ataweza kuniangalia? Hataweza. Atatafuta sababu ingine ya kunitoa, juu ya kutoniona kila asubuhi. Kama unanipenda, acha nife hapa."

Nilikuwa na haki yote, nilikuwa na kaboni na hidrojeni na ule unga wa manjano, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Upande wa pili wa ua Isidore alikuwa anafuta baiskeli yake. Alituona, akanyanyua mkono kutusalimu, mpole, mtu aliyelala usingizi mzuri.

Emérita alikuwa amechoka kungoja. Alijua tu kwamba huyu ndiye bibi yake, akamkimbilia mikono wazi, akamrukia kifuani.

Mama aliinua mikono yake yote miwili juu ya kichwa, juu kabisa, mbali na mtoto. Alijua. Nilikuwa nimemwambia sasa hivi na alikuwa ameelewa. Lakini Vestine alikuwa amesimama mlangoni anatazama, na wanawake wengine nyuma yake. Emérita alimkumbatia kiunoni, shavu likiwa juu ya nguo safi, na mama alikaa vile, mikono hewani, midomo yake ikigusa nywele za mtoto, mpaka Emérita alipomwachia.

Njiani tukirudi Emérita aliniuliza kwa nini Koko hakumshika. Nikamwambia anaumwa mikono.